Paka Aliyepewa Jina la Mama Yangu

Tulipomzika mama yangu mwaka jana huko Sagana, binti yangu Wangui alipewa kipaza sauti azungumze kwa niaba ya wajukuu, naye akaamua kusimulia habari za paka. Alisema kwamba alipokuwa mdogo, tukiishi Majengo mjini Nyeri, alimpa paka jina la cucu, yaani nyanya yake, na kwamba cucu alipokuja kututembelea na kulisikia, nusura amwage chai. Watu walicheka. Hata mchungaji alicheka, ingawa alijifunika mdomo kwa Biblia. Mimi pia nilicheka, kwa sababu hadithi hiyo Wangui ameisimulia kwenye harusi na Krismasi mara nyingi, na anajua pa kunyamaza na pa kupandisha sauti. Lakini nikiwa pale kwenye kiti cha plastiki nilitambua kwamba anajua nusu tu. Hakusema uongo. Alikuwa na miaka minne, na mtoto wa miaka minne huona miguu ya watu na paka aliye chini ya meza. Yanayopita juu ya meza hayamhusu. Juu ya meza nilikuwa mimi, mwenye miaka ishirini na mitatu na tumbo la miezi saba, nikiwa na hofu ambayo hata mume wangu sikumweleza. Ile nusu nyingine ni yangu, na kwa kuwa sasa mama hayupo naweza kuisema.

Ulikuwa mwaka wa sita baada ya Uhuru. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyezaliwa humo humo Majengo, ambaye babu yake alifika Nyeri akiwa mpagazi na hakuona sababu ya kurudi alikotoka. Chumba cha mbele kilikuwa cha kulia, cha wageni, na cha kupikia wakati wa mvua. Kuta zake nilizibandika magazeti ili baridi isipenye, na Wangui alizijua nyuso za mawaziri kabla hajazijua za jamaa zetu. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda chetu, kitanda cha watoto ambacho mume wangu Gathogo alikiunda kwa mbao za kazini, maana alikuwa karani kwenye kiwanda cha mbao, na gunia la mahindi. Gunia ndilo lililotuletea panya. Mwanzoni tuliwasikia tu, wakikimbizana juu ya dari ya makaratasi, tukawazoea. Kisha asubuhi moja nilipomwinua Kariuki, mwanangu wa pili, aliyekuwa hajatimiza mwaka, niliona damu kwenye kidole gumba cha mguu wake na alama mbili ndogo za meno. Gathogo alinunua mtego siku hiyo hiyo. Mtego ule ulimbana Wangui ukucha kabla haujabana panya hata mmoja, nikautupa chooni.

Bi Zuhura alikuja kutazama kidole cha mtoto, akakigeuza huku na huku, akaniambia, "Mama Wangui, dawa ya hapa ni paka. Wangu amezaa wanne. Njoo uchague."

"Paka na mtoto mdogo hivi, Bi Zuhura? Si watu wanasema manyoya inaingia kwa kifua?"

"Panya amemla mtoto kidole, wewe unaogopa manyoya."

Nilikolelewa, paka alikuwa wa ghalani. Alilala nje na mtu hakumgusa. Paka wa kulala ndani, tena chumba kimoja na watoto, lilikuwa jambo la watu wa Majengo, na sisi tuliotoka mashambani tulilitazama kwa mbali huku tukisema wenzetu hawa wana mambo. Lakini niliwaona wajukuu wa Bi Zuhura, sita, wote wanene, na paka wakiwapanda mabegani. Nikachagua mmoja wa rangi ya majivu, mwenye kifua cheupe. Bi Zuhura akamwinua mkia, akachungulia, akasema ni jike, na jike ndiye mwindaji. Wangui alikuwepo na alisikia.

Kutoka mlango wa Bi Zuhura hadi wangu zilikuwa hatua kumi na nane. Nilizihesabu baadaye. Lakini Bi Zuhura alimtia paka kwenye kikapu, akakifunika kwa leso, akaniambia nimzungushe, kwa sababu paka akiiona njia hurudi kwa mama yake. Basi nikatoka kwa lango, nikapita msikiti, bucha, na kina mama wa makaa, nikateremka hadi karibu na barabara kuu, nikapanda tena kwa njia ya nyuma, Wangui akiwa ameshika sketi yangu na kikapu kikilia mkononi. Watu waliniuliza ninahamia wapi. Nikaingia uwanja ule ule nilioutoka na kufungua mlango wangu kama mtu aliyewasili kutoka safari. Paka aliruka kutoka kikapuni, akajichimbia nyuma ya gunia la mahindi, akakaa huko siku mbili.

Sijawahi kuona mtoto akitulia namna Wangui alivyotulia siku hizo mbili. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, baridi ile ya Nyeri, akizungumza na giza lililo nyuma ya gunia, na kila baada ya muda alikuja kuniuliza swali. Paka anajua yeye ni paka? Anajua sisi ni watu, ama anaona sisi ni paka kubwa? Akilia, anaita mama yake, ama analia tu? Nilimjibu nilivyoweza, kisha nikagundua kwamba na mimi nilitaka kujua. Bi Zuhura alitufundisha. Mtoto akae chini, paka ndiye amwendee. Asimshike akila, asimwamshe akilala, na mikono ioshwe. Kariuki hakufundishika, alivuta mkia siku ya kwanza alipoufikia, akapata mistari mitatu myekundu mkononi, na mimi nikakaa siku nne nikimpima paji la uso kwa kiganja nikingoja homa. Homa haikuja. Wiki ya tatu niliwakuta wamekaa pamoja mlangoni, Kariuki ana uji hadi kidevuni, na paka anamlamba kidevu kwa utaratibu, na mtoto amefumba macho. Panya walikuwa wamehama. Nilianza kulala usingizi mzito, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nijifungue.

Kisha jioni moja, tukila githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, Wangui akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya Kimbo, akakiweka sakafuni na kusema, "Nyambura, kuja ukule."

Kijiko changu kikasimama. "Umeita nani?"

"Nyambura."

"Nani alikuambia hiyo ni jina yake?"

Aliniangalia kwa huruma, namna anavyoniangalia leo nikishindwa kutumia simu. "Si ni msichana wa pili? Mimi nilikuwa wa kwanza, nikapewa cucu wa Tetu. Wa pili ni wa cucu wa Sagana. Si wewe ulisema?"

Nilikuwa nimesema, ndiyo, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Lina mwenyewe tayari. Msichana wa kwanza ni wa mama wa mume, wa pili ni wa mama wa mke, na mtoto akishaitwa jina lako basi umezaliwa upya, hata kama ungali hai na unatafuna mahindi kwa meno yako. Wangui alikuwa wa mama mkwe wangu wa Tetu. Kariuki alikuwa wa baba mkwe. Mama yangu, Nyambura, alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, ambaye ni mimi, kwa hiyo asipozaliwa kwangu hakuwa na mlango mwingine. Hakulilia jambo hilo. Alipokuja kumwona Wangui alisema tu, "Wa pili ni wangu," akafunga kiondo, kikapu chake cha kusuka, akaenda. Wa pili akawa mvulana. Sasa nilikuwa na mimba ya tatu, na kila tulipoonana mama hakunisalimia mimi kwanza, alinyoosha mkono kwenye tumbo na kusema, "Nyambura hajambo?" Siku hizi vitukuu wangu wanatafutiwa majina kwenye simu, na yale mazuri yanapigiwa kura. Nawaangalia nikinyamaza. Hawajui uzito wa mtu anayengoja mlangoni.

Gathogo alicheka hadi akafuta macho. "Sasa utamwambia nini? Hesabu yake iko sawa."

"Paka si mtoto," nikamwambia Wangui.

"Lakini amezaliwa."

"Paka hana cucu."

"Sasa nimempatia mmoja."

Nilijaribu kumwita Pusi. Nilimwita Pusi wiki tatu, kwa sauti tamu, nikiwa na maziwa mkononi, na yule mnyama alinipa mgongo. Wangui akisema "Nyambura" kwa kunong'ona tu, masikio yalisimama. Bi Zuhura akalishika jina, wajukuu wake wakalishika, uwanja mzima ukawa unamwita Nyambura atoke kwenye nguo zilizoanikwa. Habari zikafika bombani, tulikochotea maji. Jirani mmoja, mwenye watoto wanane na ulimi usio na likizo, akaniambia huku akinitwika mtungi, "Ati umeshazaa Nyambura? Basi hapo kwa tumbo ngojea kijana." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini maneno hayo niliyabeba pamoja na maji hadi nyumbani. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa naimba kwaya, sikuamini upuuzi. Hata hivyo nilianza kuangalia tumbo langu kwenye kioo, kuona kama limekaa juu au chini, na kila nilipomsikia mtu akimwita paka nilihisi kama kuna anayeingia nyumbani mwangu na kukalia kiti cha mgeni niliyemwalika mimi.

Mama alituma habari kwamba angekuja mwezi wa sita. Asubuhi ya siku hiyo nilimbeba paka hadi kwa Bi Zuhura, nikamwomba afunge mlango. Kisha nikamkalisha Wangui. "Cucu akiwa hapa, paka haitwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu amelala."

Mama alifika amevaa sweta mbili, akilaumu baridi yetu kama kila mara, maana Sagana ni kwenye joto. Alikuwa na kiondo cha ndizi, nduma, na mayai aliyoyafunga moja moja kwa maganda ya mahindi. Kabla hajaketi alinyoosha mkono kwenye tumbo. "Nyambura hajambo?" Wangui alifungua mdomo, nami nikaujaza ndizi. Tulikaa. Nikamimina chai. Mama alimpakata Kariuki, akatazama kidole chake kilichopona, akauliza bei ya makaa, akanieleza nani ameuza ng'ombe na nani ameokoka. Nilianza kupumua. Ndipo paka akaingia. Sijui alipita dirisha gani la Bi Zuhura, lakini zile hatua kumi na nane alizijua vizuri kuliko mimi. Alivuka chumba mkia juu, akawapita watu wote wanaomlisha, akaruka moja kwa moja mapajani pa mama yangu, karibu na Kariuki.

"Nyambura, shuka," Wangui akasema, mdomo umejaa ndizi. "Hiyo ni nguo ya cucu ya kanisa."

Mama aliweka kikombe mezani. Hapa ndipo Wangui husema chai nusura imwagike, lakini haikuwa hivyo. Alikiweka polepole sana. "Nani?" akauliza.

Wangui alimeza ndizi na kumweleza yote kwa vidole, wa kwanza na wa pili, na jinsi alivyochunguliwa mkia na kuonekana ni msichana. Alieleza kwa fahari. Mama hakumkatiza. Alimtazama paka kwa muda mrefu, akamkabidhi Kariuki kwangu, akamwinua paka kwa mikono yote miwili na kumweka sakafuni, akajipangusa mapaja. Kisha akasema basi litamwacha. Haikuwa hata saa sita. Kuku alikuwa sufuriani. Nilimsindikiza hadi langoni nikitafuta la kusema, na yeye alisema neno moja tu, kwamba nirudi ndani kwa sababu ya baridi.

Hakutuma salamu mwezi wa saba wote. Niliandika barua, Gathogo akaipeleka posta mwenyewe, jibu halikuja. Nilijua mama yangu alivyo. Akiumia hunyamaza, na kimya chake huwa kirefu. Nikamgeuzia Wangui hasira. Siku moja nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyemfukuza cucu wake, neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Hakulia mbele yangu. Alienda nyuma ya gunia, na nilimsikia akimweleza paka kwa sauti ya chini kwamba kuanzia leo ni lazima akubali kuitwa Pusi. Nilisimama nikiwa na mwiko mkononi na kujichukia. Kulikuwa na mpangaji mwenzetu mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekwenda Doldol, mbali huko kaskazini, kila baada ya wiki mbili, na alikuwa ameshakubali kumchukua paka akamwache huko. Kikapu kilikuwa tayari. Asubuhi ya safari nilimkuta paka amelala miguuni pa Kariuki, pale pale alipong'atwa, na kwenye kizingiti ameniwekea mkia wa panya. Nikamwambia yule bwana aende tu.

Nilijifungua mwezi wa nane, siku ya ukungu. Nesi aliniambia, "Kijana, mama, hongera," nikageukia ukuta. Mvulana wa pili ni wa baba wa mke. Kwa hiyo baba yangu, aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla, alirudi, na mama yangu, aliyekuwa hai, akabaki nje. Gathogo alikuja na uji kwenye chupa, akafurahi, akaona uso wangu, akaacha kufurahi bila kuuliza kwa nini.

Siku ya nne baada ya kurudi nyumbani mama aliingia bila hodi, kiondo mgongoni, kuni mkononi, kama mama yeyote anavyokuja kwa bintiye aliyejifungua. Aliteka jiko. Alipika njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, pamoja na ndizi, akaponda, akanipakulia sahani inayotosha watu wawili na kusimama hapo hadi nikaimaliza. Alimchukua mtoto, akamfungua blanketi, akamkagua vidole, akamwambia, "Karibu, mume wangu. Umerudi na bado hutaki kuoga." Nilicheka huku machozi yakinitoka. Kisha akaingiza mkono kwenye kiondo, akatoa kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani kulikuwa na ini lililochemshwa.

"Huyu mwenzangu yuko wapi?"

Wangui alirudi nyuma hatua moja. "Anaitwa Pusi."

"Nani alimbadilisha jina?"

"Mama."

Mama aliniangalia. Akachuchumaa karibu na gunia, akaanza kumpa paka ini vipande vipande, na Wangui naye akasogea kidogo kidogo hadi mabega yao yakagusana. Baadaye mama alimtuma kwa Bi Zuhura na ndizi, Kariuki akamfuata akitambaa, tukabaki sisi wawili na kichanga.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Sikukuzaa."

"Ulidhani niliondoka na hasira?"

"Uliondoka bila kula."

"Nilitaka kulia, na singelia mbele ya mtoto. Nikaingia basi, nikalia huko, mpaka Karatina. Mama mmoja akanipatia leso." Alimtazama paka akijilamba. "Unakumbuka ile mbuzi nyeupe?"

Nilimkumbuka. Alikuwa na sikio moja lililokatika, na kila Krismasi baba alitaka kumchinja, na kila Krismasi akawa mgonjwa.

"Haikuwa mgonjwa," akasema. "Mimi nilipata mtoto mmoja, na huyo alikuwa wa mama ya baba yako. Sasa mama yangu ningemweka wapi? Nikamweka kwa mbuzi. Miaka kumi na moja. Sikuambia mtu, hata baba yako. Halafu naona mtoto ya juzi anafanya hiyo kitu mbele ya watu, kwa sauti, na hata haoni haya."

Nikamwona tena alivyokuwa akikamua, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa mbuzi, midomo ikicheza. Nilikuwa mtoto, nikisimama mlangoni na kikombe changu. "Nilidhani unaomba," nikasema.

"Pia hiyo ni kuomba."

"Ulikuwa unamwita nani?"

Alitazama mlango, kama kuna mtu.

"Nduta," akasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na watoto watatu, na sikuwa nimelisikia jina hilo hata siku moja. Nyumbani kwetu bibi huyo alikuwa tu mama yake mama, yule aliyekufa zamani, kabla mama hajang'oka meno ya utoto. Nilimwomba alitaje tena. Akalitaja, safari hii bila kutazama mlango.